Neno la Silabi Nne

Siku ya Mungu, tarehe 2, mwezi wa tatu

Fortunat, mwanangu, amenikataza kuzungumza haya na wamama wa shirika letu la kanisa, au kwenye simu, hata na Charline binti yake, maana msichana wa umri ule hana pa kuweka siri. Basi nayaandika. Mtu akinyamaza kabisa anapasuka.

Leo misa ya pili, hapa parokiani kwetu Majengo, korali iliimba wimbo wangu. Niliutunga mwaka ule volkano ilipokula mji, tukiwa Sake chini ya turubai, kila mmoja analilia nyumba yake. Kiitikio kinasema: "Sisi wazalendo wa mbinguni, hapa duniani tunapanga tu." Tangu hapo watu wameuimba kwenye matanga, kwenye ndoa, hata watoto wakiruka kamba. Neno lenyewe nililipata shuleni kwa masista, kule Lubero, nikiwa bado sijaota matiti. Mzalendo ni mtu wa mahali, mtu ambaye hakuna wa kumwambia rudi kwenu. Nililipenda, nikaliweka.

Sasa neno limechukuliwa. Ndilo jina la vijana wa bunduki waliopigana upande wa serikali, na tangu mji ulipopata wenyewe wapya, waliowafukuza hao, mwezi wa kwanza, ukilitamka barabarani watu wanakuhama. Na mimi, mjinga wa miaka sabini na tano, sikufikiri. Wala korali haikufikiri. Tulifika kwenye kiitikio, kanisa zima likalipokea kwa nguvu, wamama wakapiga vigelegele. Ndipo nikamwona Fortunat, ambaye ndiye maestro wa korali siku hizi baada yangu, ameshusha mikono. Akaipandisha tena, lakini uso ulikuwa umembadilika.

Niliogopa. Nimeogopa volkano, nimeogopa mabomu, nimeogopa kila nilipokuwa ninazaa. Kuogopa kitu nilichokitunga mwenyewe, hii ni mara ya kwanza.

Tarehe 4

Mvua kutwa. Umeme hakuna. Charline alienda ziwani kuchota maji, amerudi salama.

Tarehe 6

Jana tulipakwa majivu. Leo watu wawili waliovaa kiraia walifika parokiani wakamuuliza Abbe Valentin, padri wetu, wimbo ule ni wa nani. Abbe akasema ni wa zamani, ni wa watu wote.

"Wimbo haijitungi," mmoja akasema.

Fortunat alikuwa pale anapanga viti. Akasema, "Ni yangu mimi."

Alinieleza haya jikoni, amesimama, hataki kukaa. Nikamwambia, "Weye ulikuwa ungali mutoto wa shule. Hata do na re ulikuwa unazichanganya. Kwa nini ulijitwika?"

"Mama, ningesema ni yako wangekuja hapa nyumbani."

"Si wangekuja tu. Nawaogopa mimi?"

"Unawaogopa," akasema. "Hata mimi nawaogopa."

Wamechukua jina lake na namba ya simu. Wakamwambia kwamba neno lile likisikika tena atakwenda kueleza ofisini kwao. Sote tunajua kueleza ni nini. Papa Carlos, fundi wa redio wa avenyu yetu, aliitwa kueleza mwezi wa pili, na mke wake bado anapeleka chakula kwenye mlango ambapo kila siku wanamwambia hawamjui mtu huyo.

Kati ya watoto wote niliozaa, wanne wako hai, na aliye karibu nami ni mmoja. Leo sikula.

Tarehe 8

Mazoezi. Nilirudi mbele ya korali mimi mwenyewe, Fortunat akakaa.

Kuuacha wimbo haiwezekani. Watu wa matanga wanauanzisha wenyewe, huwezi kumfunga mdomo mfiwa. Dawa ni kubadilisha neno. Abbe alipendekeza "wananchi." Nikamwambia, "Abbe, hiyo nayo iko na siasa ndani." Masoprano wakasema "wapendwa." Wapendwa ni silabi tatu, ngoma itabaki inangoja moja ambayo haiji. Mimi nataka nne, na uzito uangukie ya tatu, la sivyo wimbo mzima unachechemea. Nilikuwa nimezunguka na maneno kichwani siku mbili, nikisonga ugali, nikifua. Nikapata: wa-sa-fi-ri. Sisi wasafiri wa mbinguni. Linakaa vizuri, na hakuna jeshi lenye jina hilo. Lile la kwanza sitaliandika tena hata humu.

Sauti zote zilishika, isipokuwa bas, sauti ya chini. Kusema kweli, isipokuwa Védaste.

Huyu Papa Védaste ni mzee wa Rutshuru, msema Kinyarwanda, yuko kwenye bas tangu marehemu mume wangu akiwa hai. Ana sauti ya mtu anayeita ng'ombe ng'ambo ya bonde, na katika miaka yote hii sijamwona akiingia kwa wakati. Wenzake wakishafika yeye ndiyo anatoka nyumbani.

"Papa Védaste, ni wa-sa-fi-ri."

"Nimesikia, Mama Maestro."

Tukarudia. Akaliimba la zamani, wazi kabisa, madirisha yako wazi na watu wanapita nje. Nikamwambia mbele ya wote kwamba hata ng'ombe angekuwa ameshajifunza. Watu wakacheka, naye akacheka. Mazoea yana taabu, nikajiambia.

Tarehe 13

Mvua imebeba ukuta wa choo cha jirani. Fortunat amepigiwa simu na namba asiyoijua, hakuna aliyesema kitu.

Tarehe 19

Matanga ya mama mmoja wa avenyu ya pili. Wanawake wakauanzisha. Nusu wakaimba wasafiri, nusu wakaimba la kale, na juu yao wote Védaste, analipasua la kale. Nilikuwa nyuma yake. Nilimfinya mkono kwa kucha. Akageuka akanitazama kwa upole, akaendelea.

Nje ya uzio vijana watatu waliovalia makoti ya mvua walikuwa wamesimama. Labda walikuwa wanajikinga tu. Nilirudi nyumbani, nikamkuta Fortunat anapiga pasi shati lake, nikamshika kichwa kama mtoto mchanga.

Tarehe 22

Micheline, binti yangu, amepiga simu kutoka Butembo. Siku hizi kwenye simu tunazungumza maharagi, maana simu zina masikio. "Mama, maharagi ya huko vipi?" Nikasema yanakauka. Akasema, "Kuja basi kwetu, huku kuna mvua nzuri." Nikamwambia barabara haifai. Sikumwambia kwamba hata ingefaa nisingeondoka, nimwache Fortunat na wimbo wangu shingoni.

Tarehe 25

Wazo baya limenishika na haliniachi. Védaste si kiziwi. Hajasahau. Nimefundisha sauti maisha yangu yote, namjua mtu aliyesahau na namjua mtu anayekataa. Anafanya kusudi. Na kwa nini? Wenye mji wa sasa wanasema Kinyarwanda kama yeye. Labda anataka mwanangu akamatwe.

Nimeliandika, nimelisoma, bado linafanana na ukweli. Kesho nakwenda kwake.

Tarehe 26

Nimekwenda. Nyumba yao ni ya mbao juu ya mawe ya volkano, safi. Nyirarukundo mke wake, ambaye ni alto wangu tangu zamani, amelala chumba cha mbele kwa sababu ya kifua. Amekonda, sikujua kama ni hivi. Nilikuwa nimekuja na maneno makali, ikabidi nianze na pole.

Kisha nikayasema. "Papa Védaste, unamutafutia mutoto wangu kifo. Amekukosea nini?"

Akasogeza kiti.

"Mama Maestro, miye nimezaliwa Rutshuru. Baba yangu amezikwa Rutshuru, na baba yake. Tangu niko mutoto naambiwa rudi kwenu. Kwenu wapi, hawasemi. Nimefukuzwa shuleni, nimefukuzwa sokoni, mwaka mumoja nilifukuzwa hata kwenye foleni ya dawa. Kuku mugeni hakosi kamba muguuni, na miye niko mugeni miaka sabini. Sasa hawa wamefika, majirani wananiangalia kama ni miye niliwaandikia barua waje. Wao wenyewe wakinisikia naimba na nyinyi wananiita musaliti. Unaona nilivyo? Nafasi ni moja tu ambapo niliitwa mwenyeji, na ni ndani ya hiyo wimbo yako. Kila siku ya Mungu nilikuwa nangojea hiyo neno. Sasa weye unaniambia niko musafiri. Hiyo nilikuwa nayo tangu zamani, haukuwa na haja ya kunipa."

Mimi nilidhani ni neno la silabi nne tu.

Nyirarukundo akasema kutoka kitandani, "Henriette." Hajawahi kuniita jina, siku zote ni Mama Maestro. "Miye sina siku nyingi. Munizike na neno langu. Nimesafiri vya kutosha."

Nikamwambia ndiyo. Nilimshika mkono nikaapa, na wakati ninaapa nilimwona Fortunat akilini, amesimama mlangoni pa ile ofisi.

Tarehe 29

Mazoezi. Védaste hakuja.

Siku ya Mungu, tarehe 13, mwezi wa nne

Matawi. Tuliimba nyimbo nyingine. Védaste amerudi, aliimba chini chini. Sikumwangalia. Ukijua kwa nini mtu anakuudhi huwezi tena kumkasirikia vizuri, na kukasirika kulikuwa kunanisaidia.

Tarehe 19

Mkesha wa Pasaka umefanyika saa nane za mchana, kwa sababu usiku hakuna anayetembea. Tumewasha mishumaa juani. Charline aliniuliza, "Koko, Yesu atajua tuko tunamungojea mapema?" Nikacheka, kwa mara ya kwanza tangu Kwaresima.

Tarehe 24

Wamempigia tena Fortunat. Safari hii walisema. "Maestro, tunafurahi. Korali imetulia." Ni hayo tu, wakakata. Amekaa kitandani na viatu, anatazama simu. Mimi na Charline tumekaa sebuleni. Nafuu watukane kuliko wafurahi.

Tarehe 30

Mvua. Nyirarukundo hawezi kumeza.

Tarehe 6, mwezi wa tano

Amefariki asubuhi. Nilifika wakiwa wamekwisha kumuosha. Maziko ni keshokutwa. Yeyote anayekutana nami njiani ananiambia, "Mutamuimbia ule wake, sivyo?" Wote wanajua aliuomba. Kama wao wanajua, wengine pia wanajua.

Tarehe 7

Fortunat alikuja jioni kabla ya chakula. "Mama, najua uliahidi."

"Niliahidi."

"Niko na Charline." Mama yake msichana alikufa siku ya kumzaa, hana mwingine.

Nikamwambia, "Ni wasafiri. Wafundishe tena kesho kabla ya misa, kila sauti peke yake."

Ahadi kwa maiti, Mungu atanihukumu nayo. Nimechagua wangu aliye hai. Nimelia kwa kuona ilivyokuwa rahisi.

Tarehe 8

Leo nitaandika mengi. Msomaji, kama yuko, avumilie.

Kanisa lilijaa, mvua inapiga bati hata Abbe hakusikika vizuri. Kwenye mlango wa pembeni alisimama mmoja wa wale wawili wa Kwaresima, simu mkononi, anachukua picha za video.

Kabla ya misa nilimfuata Védaste nyuma ya sakristia. Nikamwambia, "Papa Védaste, sitaweza. Nisamehe."

"Najua," akasema. Alikuwa amevaa koti la harusi yake, limekuwa kubwa kwake. "Nilimuimbia miye asubuhi, kwenye sikio, mbele ya kufunga sanduku. Kiitikio yote. Yeye ameshapata yake. Muogopee Fortunat tu."

Baada ya hapo hofu ilinipungua kidogo. Hilo ndilo kosa.

Upande wa alto kulikuwa na pengo. Alto bila Nyirarukundo ni wasichana wawili wanaovuta sauti puani. Nikatoka kwenye soprano nikaenda kusimama mahali pake, ili chombo kisiende na tundu. Shairi la kwanza likapita, wasafiri, sawa. La pili, wasafiri, sawa. Mwenye simu alikuwa ameegemea mlango. La tatu Fortunat akalipunguza mwendo, kama nilivyomfundisha kufanya kwenye mazishi, na mimi nikalitazama sanduku.

Wenye kufundisha sauti watanielewa. Soprano nilikuwa nimeifanyia mazoezi na neno jipya wiki hadi wiki. Alto nilikuwa naijua kutoka kinywani mwa Nyirarukundo tu, miaka yote hiyo, na kinywani mwake lilikuwa neno moja. Nilipoacha kufikiri, sauti ilifuata njia iliyoizoea. Nilisikia mwanamke mmoja anaimba lile neno, wazi, kwa utulivu, na nikashangaa ni nani huyo mpumbavu. Ulimi hauna mfupa. Ilikuwa mimi.

Silabi ya pili ilikuwa bado haijaisha, nyuma yangu kukalipuka wasafiri. Védaste. Aliingia kabla ya mpigo, kabla ya wenzake wote, kwa sauti yake yote ya kuita ng'ombe, akanifunika. Ngoma ikapotea, masoprano wakapotea, Fortunat akatukusanya kwa mikono tukamaliza. Sikio lake ni sikio langu, alisikia kila kitu.

Mwenye simu naye alisikia, kidogo. Tulipotoka na sanduku akaja moja kwa moja. Si mkubwa, ni kijana aliyeanza kunyoa juzi.

"Maestro, kuna mama mumoja ameimba tofauti."

Fortunat akaweka mkono begani kwangu. "Ni mama yangu. Umusamehe. Kichwa yake haiko tena. Anasahau."

Mimi, ninayejua kwa moyo misa nzima katika lugha nne. Mimi, ninayekumbuka kila mtoto wa parokia hii alibatizwa na wimbo gani. Nilihisi vidole vya mwanangu vinaniminya mfupa wa bega, nikaelewa nafasi yangu.

Kijana akainama. "Koko, mumeimba nini pale ndani?"

Nikamtazama. "Weye ni mutoto wa nani?" nikamuuliza. "Baba yenu amerudi na gari ya maharagi? Ulikula?"

"Koko, nauliza juu ya wimbo."

"Wimbo gani? Tuko Sake?" nikasema, nikaanza kufungua kitenge changu hapo kwenye ngazi, mbele ya sanduku na mbele ya watu wote, kama nataka kulala. Fortunat akanizuia mikono. Charline akaanza kulia, maana yeye aliamini. Wamama wa shirika waliziba vinywa. Niliendelea. Nilimwita Fortunat kwa jina la baba yake.

Kijana alitutazama mmoja mmoja. Kisha akaweka simu mfukoni.

"Mumuweke nyumbani," akasema. "Mutu kama huyu haendi kwenye korali."

"Ndiyo," Fortunat akasema. "Hatakuja tena."

Tarehe 9

Charline hakutaka kunitazama asubuhi. Nilimwita nikamtajia majina ya wajukuu wangu wote kwa mpangilio, na siku zao za kuzaliwa. Akanikumbatia. Fortunat akasema kutoka mlangoni, "Lakini nje, Mama, ni vile vile. Mupaka nitakapokuambia."

Tarehe 17

Simu haijalia tena. Wamama wa shirika wamekuja kunisalimia, wanazungumza polepole na kwa sauti kubwa, mmoja amenilisha ndizi. Nilikula. Nikiwa peke yangu naimba ndani ya pua.

Tarehe 28

Mvua zinakwisha. Mke wa Papa Carlos bado anapeleka chakula.

Siku ya Mungu, tarehe 8, mwezi wa sita

Pentekoste. Fortunat amekubali niende misa, nikae na watu, kinywa kimefungwa. Charline alinipeleka kwa mkono hadi benchi la nne upande wa wanawake, akanifunga kilemba vibaya kidogo, ili nionekane sina akili. Kisha akapanda kwenye korali.

Kijana wa simu hakuwepo. Labda alikuwepo mwingine. Siku hizi sijui nimtafute nani, kwa hiyo nawaogopa wote, hata aliyeketi mbele yangu na mtoto mgongoni.

Baada ya mahubiri wakauimba. Hakuna aliyekosea hata mmoja. Waliimba wasafiri, wazee kwa watoto, na wale waliokuwa wadogo waliliimba kama halijawahi kuwepo lingine. Nilibana midomo mpaka ikauma. Ndipo nikasikia kwamba chini hapana kitu, wimbo unaelea, bas ni vijana watatu wanaoona haya.

Mtu akasogea kwenye benchi langu, upande wa wanawake, wanawake wakampisha. Alikuwa Védaste, na koti lile lile.

"Papa Védaste," nikamwambia chini chini, "nenda kwenye nafasi yako. Bas inakufa."

Aliangalia mbele, mikono magotini.

"Miye pia nimesahau, Mama Maestro," akasema.

Tukakaa kimya wote wawili mpaka Komunyo.